Ukoo ukutane lini: Memorial Day, Juneteenth, Julai Nne au Labor Day?

Kama mna ndugu waliosambaa Marekani, mmoja Minneapolis, mwingine Dallas, shangazi yuko Louisville na kaka mkubwa kaenda zake Phoenix kufuata joto, huu mjadala mnaujua vizuri. Januari haijaisha mtu anaandika kwenye grupu "jamani mwaka huu lazima tukutane", watu wanagonga dole gumba, wanarusha mioyo, mjomba anatuma voisi ndefu ya kumshukuru Mungu, halafu likija swali la lini grupu zima linakauka. Anayehudumia wazee hajui kama atapata ofu, mwenye watoto anasema kuna mitihani, wa lori anasema yeye popote yupo ila asiambiwe wiki moja kabla. Agosti inafika bado mnajadili.

Kiangazi cha kule kina sikukuu nne za taifa ambazo watu hukusanyika, kuanzia mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Septemba, yaani Memorial Day ya kukumbuka askari waliokufa vitani, Juneteenth ya watumwa kuachiwa huru, Julai Nne ya uhuru wao na Labor Day ya wafanyakazi, na kila moja ina tabia yake. Naziweka hapa kwa vipimo vilevile ili mkikaa kwenye Zoom ya familia mjadili kitu kinachoeleweka, siyo kila mtu anavutia kwake.

Vipimo kwanza

Cha kwanza ni ofu, na hiki ndo kinaua mipango mingi. Sisi tumezoea sikukuu ikitangazwa basi nchi nzima imepumzika, kule sivyo. Sheria ya kazi ya Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kukupa mapumziko ya sikukuu, wala kukulipa zaidi ukifanya kazi siku hiyo, hayo ni makubaliano yako na bosi au ya chama cha wafanyakazi kama kipo. Benki, posta na ofisi za serikali zitafungwa, lakini anayewageuza wazee vitandani, anayebeba boksi ghalani na anayekata barabara na lori wanaweza kuwa kazini kama kawaida, na wengine wanaitaka kabisa shifti hiyo kwa sababu kazini kwao inalipwa mara moja na nusu. Kwa hiyo angalieni ofu ya watu mlionao, siyo wino mwekundu wa kalenda.

Cha pili shule, maana Marekani haina kalenda moja ya shule, kila wilaya inajipangia. Cha tatu hali ya hewa, ndugu wa Minnesota na ndugu wa Texas hawaishi kiangazi kimoja. Cha nne gharama, yaani tiketi, malazi na sehemu ya kukutania. Cha tano ni uzito wa siku yenyewe, wenyeji wanaichukuliaje, ni furaha tupu au kuna kilio ndani yake, na hiki watu wetu wanakiruka sana. Cha sita ni siku zetu wenyewe zilizo jirani, maana Juni na Julai zimejaa uhuru wa nyumbani.

Memorial Day

Ofu. Ni Jumatatu ya mwisho ya Mei, kila mwaka, haihamihami. Kwa anayepewa sikukuu, wikiendi ya siku tatu ni ya uhakika, na hata makampuni yanayobana sana sikukuu huwa wanaiweka hii kwenye orodha.

Shule. Hapa ukoo unagawanyika. Kusini wengi wameshamaliza au wako wiki ya mwisho, watoto wa New York wao wanaendelea mpaka karibu Juni iishe. Ila Mei ni mwezi wa mahafali, na hapo ndo kuna ujanja mzuri, kama kuna mtoto anamaliza high school au chuo, mnaunganisha, mahafali Jumamosi, mkusanyiko Jumapili, Jumatatu watu wanageuza, tiketi moja sherehe mbili, na mtoto mwenyewe anapata bahasha za wajomba wote kwa mkupuo.

Hali ya hewa. Texas na Georgia joto limeshaingia na mabwawa mengi ya umma ya kuogelea yanafunguliwa wikiendi hiyohiyo. Kaskazini jua linadanganya, mchana fulana jioni sweta, na maji ya ziwa bado yanauma mpaka kwenye mifupa. Watoto wataingia tu, hilo mjue, bebeni mataulo.

Gharama. Barabara zinajaa kuanzia Ijumaa mchana. Kwa Waislamu kuna jambo la kuangalia: Idi kubwa inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2026 imekaa karibu na tarehe 27 Mei kutegemea mwezi, siku mbili baada ya Memorial Day ya tarehe 25. Kama mnategemea mbuzi wa shambani wekeni oda mapema sana, maana wiki hiyo kila mtu anamtafuta mbuzi huyohuyo. Upande mwingine ni neema, aliyechukua ofu ya Idi anaiunganisha na wikiendi anapata wiki karibu nzima.

Uzito wa siku. Hapa nataka tusimame kidogo. Wengi wetu tunaijua hii kama siku ya kufungua majira ya kuchoma nyama, na ni kweli Wamarekani wenyewe wanachoma, lakini siku yenyewe ni ya wanajeshi waliokufa vitani. Ilianza baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, tarehe 30 Mei 1868 ndo watu waliitwa kitaifa kwenda kupamba makaburi ya askari kwa maua, ikahamishiwa Jumatatu kuanzia mwaka 1971. Bendera inapepea nusu mlingoti mpaka saa sita mchana halafu inapandishwa juu kabisa, na saa tisa alasiri kuna dakika moja ya ukimya nchi nzima. Jirani yako mzee mwenye kofia ya Vietnam ukimpigia kelele za "heri ya sikukuu" anaweza akakuangalia vibaya, na usije ukampongeza askari aliye hai ukidhani ni siku yake, ya kwake ni tarehe 11 Novemba. Familia zetu nyingi sasa zina watoto jeshini, na zipo zilizozika. Kwa nyumba kama hiyo hii siku ina maana nyingine kabisa, asubuhi makaburini na bendera ndogo, mchana ndo chakula, na chakula kinaliwa kwa utaratibu.

Siku zetu jirani. Madaraka ya Kenya, tarehe 1 Juni. Wakenya wengi wanabeba zote mbili kwa wikiendi moja.

Inawafaa: familia zenye mahafali, wanaoishi kusini, na wanaotaka mkusanyiko wa utulivu wenye kumbukumbu ya marehemu wa ukoo ndani yake.

Juneteenth

Ofu. Huku ndo pagumu. Ni tarehe 19 Juni, siku yoyote itakayoangukia. Ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 2021 tu, Rais Biden alisaini tarehe 17 Juni, kwa hiyo waajiri wengi binafsi bado hawajaiweka kwenye orodha yao. Mwaka 2026 ni Ijumaa, raha mustarehe kwa anayepewa. Mwaka 2027 ni Jumamosi na serikali inapumzika Ijumaa tarehe 18. Ila wa ghalani na wa nyumba ya wazee watahitaji kuomba likizo yao wenyewe. Zuri ni kwamba huko makazini hii siku haigombewi kama Julai Nne, ukiomba mapema una nafasi.

Shule. Nchi karibu yote wamefunga, isipokuwa baadhi, hasa kaskazini mashariki, na hata wao siku yenyewe wengi wanapumzika.

Hali ya hewa. Kaskazini tamu, siku ndefu, giza linaingia saa tatu usiku. Texas, ambako ndo asili ya sikukuu, ni jua la kupasua kichwa, mnakutana asubuhi sana au jioni, siyo saa saba mchana na wazee.

Gharama. Kwa jinsi ninavyoona ndo yenye ahueni, kwa sababu nchi nzima haisafiri kwa pamoja kama kwenye zile nyingine. Bustani zinapatikana, ila angalieni kama mji hauna tamasha lake palepale.

Uzito wa siku. Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alifika Galveston, Texas, akatangaza kwamba watumwa wote wako huru, wakati tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia lilikuwa la tarehe 1 Januari 1863. Hebu fikiria, miaka miwili na nusu watu wako huru kwenye karatasi na bado wanalimishwa. Kuanzia hapo Weusi wa Texas wakawa wanakutana kila mwaka, na pale walipozuiwa kutumia bustani za mji walitafuta zao. Houston kuna Emancipation Park, waliochangishana kununua ule uwanja mwaka 1872 walikuwa watu waliotoka utumwani juzijuzi tu. Ukisoma habari hiyo unacheka peke yako, maana ni harambee ileile unayoijua, mchungaji mbele, daftari la michango pembeni. Texas iliifanya sikukuu ya jimbo kuanzia mwaka 1980, na kwenye kuifikisha ngazi ya taifa jina la Opal Lee wa Fort Worth haliachwi, bibi aliyeanza kutembea kwa miguu kuelekea Washington mwaka 2016 akiwa na miaka 89.

Kuna ndugu wanauliza "sasa sisi inatuhusu nini, si ni ya Weusi wa huku?" Swali halali, na kuna namna ya kukosea, yaani kuigeuza pati yetu tu ya afro na mziki bila kujua imetoka wapi. Lakini watoto waliozaliwa kule shuleni hawaulizwi wazazi wao walikuja kwa ndege au kwa meli, wanaishi maisha hayohayo, na ni siku nzuri ya kuwaambia ya kwetu pia. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria visiwani mwaka 1897, watoto wengi hawajawahi kulisikia hilo kutoka kwa mtu wa nyumbani. Meza ya Juneteenth inapendelea vitu vyekundu, tikiti maji, soda nyekundu, na juisi ya maua ya rozela, sasa hiyo rozela si ndo ileile tunayochemsha Dar na kuitia tangawizi? Mama yeyote anaweza kuleta ndoo akawa ndani ya mila bila kuiga. Na kama mna majirani Weusi wa Marekani waalikeni, au bora zaidi subirini wao wawaalike, muende na pilau yenu.

Siku zetu jirani. Uhuru wa Kongo ni tarehe 30 Juni (1960), siku kumi na moja mbele, Wakongomani wanaweza kuona ni karibu mno kufanya mbili.

Inawafaa: wenye vijana waliozaliwa kule, familia zilizochanganyika kwa ndoa, na wanaokwepa msongamano.

Julai Nne

Ofu. Tarehe haibadiliki, siku ndo inabadilika, na hapo ndo raha na karaha yake. Ikiwa Jumamosi serikali inapumzika Ijumaa, ikiwa Jumapili inapumzika Jumatatu. 2026 ni Jumamosi, 2027 Jumapili, 2028 ni Jumanne, na Jumanne mnajua wenyewe, mtu wa Phoenix hawezi kuja Ohio kwa siku moja. Karibu kila kazi inayotoa sikukuu inatoa hii, lakini ndo inayogombewa kuliko zote, kwenye kazi za shifti orodha ya waombaji inajaa mapema na wageni kazini ndo wanaobaki.

Shule. Hakuna shida, nchi nzima wamefunga. Kwenye kipimo hiki ndo inayoongoza.

Hali ya hewa. Joto kila mahali, mbu wa ziwani wana njaa, mvua za radi za mchana upande wa kati na kusini. Wekeni kivuli kwenye bajeti, siyo kwenye maombi.

Gharama. Tiketi na nyumba za kukodi zinapaa, na sehemu za ufukweni nyingi zinataka ukodi usiku kadhaa siyo mmoja. Bustani ndo vita. Miji mingi ina vibanda vya kubuku kupitia ofisi ya bustani ya mji, na vya Julai Nne vinaisha mapema mno, mkichelewa inabidi kijana mmoja atumwe alfajiri akakalie meza. Halafu kale kajiko ka bustani, kale ka chuma kalikosimikwa kwenye nguzo, kametengenezwa kwa ajili ya soseji na mikate yao. Paja la mbuzi halikai, linaning'inia pembeni, mafuta yanadondokea mkaa, moto unaruka, shemeji anageuza kwa koleo ndogo huku watu wa meza ya jirani wanapiga picha. Bebeni pipa lenu lililokatwa au majiko mawili ya mkaa, sufuria ya ugali ipikwe nyumbani ije imefungwa na mataulo, na msome kibao cha masharti, maana bustani nyingi zinakataza chupa za kioo na nyingine zinakataza pombe kabisa, na mlinzi wa bustani hatanii.

Uzito wa siku. Furaha tupu, kwa nje. Bunge lao kule Philadelphia lilipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai 1776, andiko lenyewe likapitishwa tarehe 4, na tarehe 4 ndo ikashinda. Mwaka 2026 wanatimiza miaka 250 kwa hiyo mbwembwe zitakuwa kubwa kuliko kawaida. Siku hizo pia kuna sherehe nyingi za kuapisha raia wapya, ile ya Monticello, nyumbani kwa rais wao wa zamani Jefferson kule Virginia, inafanyika kila Julai Nne tangu mwaka 1963. Kama mna dada au baba mkwe anayeapa mwaka huo, mkusanyiko umeshapata sababu, na mzee wa watu anayesimama na kibendera chake huku suti imembana ni picha ambayo wajukuu wataitunza.

Lakini kuna la fataki, na naliandika kwa urefu kwa sababu kamati nyingi hazilikumbuki. Ndugu zetu waliotoka Kivu, Bujumbura, Mogadishu, wengine wamepitia makambi ya Nyarugusu au Kakuma, hawasikii fataki, wanasikia kitu kingine. Mlio wa kwanza ukilia mtaani, watoto wanashangilia, mama mtu mzima kabisa mwenye wajukuu anainuka kimya, anaingia ndani, anafunga dirisha, anafungulia bomba la jikoni liendelee kumwaga, na hamna anayemuuliza kwa sababu wote wanajua. Ukiwa na mtu kama huyo nyumbani siyo lazima muache kusherehekea. Mwambieni mapema saa zitakazoanza, maana mlio unaoujua unakuja hauumizi sana kama wa ghafla, muwe na nyumba moja ambayo watu wanakaa ndani na mziki wa sauti ya juu, chai na maandazi, na wajukuu wa zamu. Au mkutane mchana na mtawanyike kabla ya giza. Na fataki za kununua wenyewe ni sheria ya jimbo kwa jimbo, Indiana na Tennessee zinauzwa kwenye mahema ya barabarani, Massachusetts ni marufuku kabisa hata ukinunua jimbo jirani, so anayetoka Indiana kwenda Lowell, Massachusetts, asijaze buti.

Siku zetu jirani. Hapa Julai Nne ndo imejaa. Kongo 30 Juni, Burundi na Rwanda 1 Julai (zote 1962), Somalia 1 Julai (1960), Rwanda tena 4 Julai yenyewe, Kwibohora, kumbukumbu ya mwaka 1994, halafu Saba Saba yetu, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Na Kanada wana ya kwao 1 Julai. Kuna familia zinachagua wikiendi moja ya katikati wanaziunganisha zote, keki moja bendera nne. Inapendeza. Ila kwa ukoo wenye Wanyarwanda, Warundi na Wakongomani kwenye meza moja, ulizeni wazee kwanza kabla ya kuning'iniza bendera, siasa za kule hazijapoa na mkusanyiko wa familia siyo pa kuzimalizia.

Inawafaa: wenye watoto wengi wa shule, wanaoishi mji mmoja au jirani wasiohitaji ndege, wenye raia mpya, na koo zinazotaka kelele.

Labor Day

Ofu. Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Sawa na Memorial Day kwa uhakika. Na ina kitu ambacho nyingine tatu hazina: Kanada wanapumzika siku hiyohiyo. Ndugu wa Toronto, Ottawa na Edmonton wako ofu pamoja na nyie. Ile ya Mei haiendani, ya kwao ya Mei inakuja kabla.

Shule. Kaskazini shule nyingi hufungua karibu na Labor Day au mara baada yake kwa hiyo ndo pumzi ya mwisho. Georgia na Texas wameshafungua Agosti, wana siku tatu tu. Wanafunzi wa chuo wameshahamia mabweni, na wa mwaka wa kwanza ndo ametoka kufika, hatataka kurudi.

Hali ya hewa. Kaskazini ndo kiangazi kitamu kuliko chote, joto limepungua, mbu wamepungua, maji ya ziwa yamepata moto miezi mitatu. Florida na ghuba ya Texas na Louisiana ni katikati ya msimu wa vimbunga, unaoanza 1 Juni mpaka 30 Novemba na kukolea karibu na tarehe 10 Septemba. Msilipie ufukwe wa huko pesa isiyorudi.

Gharama. Ndege ni ghali Ijumaa na Jumatatu, ukiweza kurudi Jumanne au Jumatano unapumua. Wa barabara wana raha, hali ya hewa haiwachoshi, na ukoo uliojipanga kwenye ile barabara kuu ya I-35 kuanzia Minneapolis, Des Moines, Kansas City mpaka Dallas wanaweza kukutana Kansas City katikati, hakuna anayeonewa.

Uzito wa siku. Mwepesi. Ni siku ya wafanyakazi, gwaride la kwanza lilikuwa New York tarehe 5 Septemba 1882, ikawa ya taifa mwaka 1894. Kinachochekesha ni kwamba Mei Mosi tunayoandamana nayo Dar na Nairobi imetokana na mgomo wa Chicago wa mwaka 1886, na Chicago hiyohiyo Mei Mosi watu wanaenda kazini kama kawaida. Na Labor Day yenyewe wabeba boksi wetu wengi wako kazini. Mnapopanga chakula wekeni sahani za wa shifti ya usiku, zifungwe na foili, ziandikwe majina.

Siku zetu jirani. Hamna kubwa. Ila Waganda wana mkutano wao mkubwa wa Amerika Kaskazini wikiendi hiyo, kama mna shemeji Mganda mnaweza kumpoteza.

Inawafaa: koo zenye watu Kanada, wa kaskazini, wasio na watoto wadogo wa shule za kusini, na waliochoka na fataki.

Kwa hali yenu

Kama nusu ya ukoo ni wa shifti, sahauni kwanza majina ya sikukuu. Kila mtu aandike kwenye grupu wikiendi mbili ambazo bosi wake amemkubalia kwa maandishi, halafu chagueni sikukuu iliyo karibu na hizo, hata ikiwa wikiendi kabla ya Juneteenth au baada ya Julai Nne. Tarehe kamili mtu hataikosa kama nyama ipo.

Kama kuna wazee waliofika karibuni kutoka kambini, nisingeanza na Julai Nne usiku. Memorial Day au Labor Day ni laini zaidi, na wao wenyewe watawaambia mwakani wakiwa tayari.

Kama mna msiba wa mwaka huo, Memorial Day inabeba huzuni bila watu kushangaa. Sala asubuhi, picha ya marehemu mezani, basi.

Kama watoto ndo wengi na wote mko ndani ya masaa matatu ya gari, Julai Nne, ila kibanda kibukiwe mapema, na aliyebuku abebe karatasi ya malipo kwa sababu kuna watu watakuwa wameshakaa. Na kama mnakwenda ziwani wekeni mtu mzima wa zamu kwenye maji, asiyeshika simu wala chupa, watoto wetu wengi hawajui kuogelea na hawasemi.

Kama vijana wanawaambia nyie wazazi "hamuielewi Marekani," jaribuni Juneteenth na muwaachie wao kamati, nyie lipeni tu.

Bajeti ikiwa finyu kabisa, fanyeni mbili ndogo badala ya moja kubwa: wa kusini wakutane Memorial Day, wa kaskazini Labor Day, na kila upande umpeleke mjumbe mmoja kwa mwenzake kwa mchango wa wote.

Na wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, Labor Day, mkutane Buffalo au Detroit upande wa Marekani kama wa Toronto wana pasi na viza zinazoruhusu. Mwenye kesi ya ukimbizi ambayo haijaisha asivuke kwenda Kanada hata kwa chakula cha mchana kabla hajaongea na mwanasheria wake, na kwa mtu huyo msimpigie kelele kwenye grupu, tumeni ujumbe pembeni.